Betri za Akiba Katika Siku za Joto

Miezi ya kaskazi ndiyo hii. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana katika miji ya pwani yetu hupindukia nyuzi 30, na chini ya paa la bati huzidi hapo. Katika familia zetu wamo vijana wanaojipatia riziki ya halali kwa kupiga picha za harusi na maulidi, na kila mmoja ana betri za akiba mkobani. Swali langu kwa wazazi ni moja: betri hizo hulala wapi?

Betri za kamera za siku hizi ni za lithiamu. Ndani yake mna matabaka yaliyotenganishwa na utando mwembamba, yakiloweshwa na majimaji yawezayo kushika moto. Joto huifupishia betri umri. Likizidi mno, au betri ikiwa imeumia, utando huharibika, matabaka hugusana, na betri huanza kujichemsha yenyewe hata ikawaka. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo iliyoruka kutoka Dubai iliungua na kuanguka, na marubani wake wawili wakafariki. Ndani yake mlikuwa na shehena ya betri za lithiamu.

Basi tufanye nini? Kwanza, betri isiachwe garini. Gari lililofungwa vioo juani hupindukia nyuzi 45 kabla ya saa moja kwisha, ilhali watengenezaji wengi huelekeza betri isichajiwe katika joto lizidilo nyuzi 40. Ikitoka juani, iachwe ipoe kivulini kwanza.

Pili, kila betri ivikwe kifuniko chake au itiwe katika kimfuko cha peke yake. Sarafu au funguo zikigusa vyuma vyake, hupiga shoti.

Tatu, isiyotumika kwa wiki kadhaa itolewe kwenye kamera, ibakizwe na chaji kama nusu, na iwekwe mahali pakavu penye hewa. Friji si mahali pake, kwani ikitolewa humo hutoa jasho, na unyevu huiharibu.

Nne, iliyovimba isichajiwe tena, isitobolewe wala isitupwe jaani. Itengwe mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ipelekwe kwa wanaopokea taka za umeme.

Kwa wasafiri, wakiwemo mahujaji, betri za akiba hupandishwa kwenye mkoba wa mkononi, si katika sanduku la chini ya ndege. Huko moto ukizuka, hakuna wa kuuona upesi.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Nyumba nyingi huchaji betri usiku kucha, juu ya godoro, katika chumba walalamo watoto. Kamera hununuliwa tena. Chajini mchana, juu ya sakafu tupu, mkiwa macho.