Askari, Imalize Hadithi Yako

Yapo madaftari mengi katika mabweni ya askari wetu ambayo kurasa zake tatu za mwanzo zimejaa wino, na zilizosalia ni nyeupe. Mwenyewe alianza hadithi usiku mmoja baada ya zamu, akaandika mpaka taa zikazimwa, kisha akaiweka kando akingojea likizo. Likizo ilipofika ikaja na mambo yake: shamba, ada za watoto, msiba. Daftari likarudi kambini kama lilivyoondoka.

Rai yangu ni kwamba askari hakosi hadithi, wala hakosi wakati. Anachokosa ni desturi ya kuugawa wakati huo katika vipande vidogo vya kila siku.

Tumtazame askari polisi aliye zamu Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo yamepokea wakimbizi tangu walipoingia Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo yana zaidi ya watu laki moja, wakiwemo Wakongo, Warundi na Wasomali. Katika daftari la kituo huandikwa jina, saa na shauri lililoletwa. Hapana nafasi ya kuandika jinsi mama mmoja alivyoushika mkononi, muda wote wa maelezo yake, ufunguo wa nyumba aliyoiacha ng'ambo ya mpaka. Askari aliyeuona ufunguo ule akihamishiwa Mbarara bila kuandika, jambo hilo limekwisha.

Basi na aandike maneno 50 kwa siku. Hiyo ni mistari mitano au sita tu, kazi ya robo saa kabla ya paredi. Baada ya siku 30 atakuwa na maneno 1,500, nayo ni hadithi fupi kamili.

Huenda mtu akasema kwamba mtumishi wa Serikali hawezi kutumikia kazi mbili. Anthony Trollope wa Uingereza alikuwa mtumishi wa Posta hadi mwaka 1867. Aliamka alfajiri, akaweka saa mezani, akajilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini. Kwa mtindo huo alitunga riwaya zaidi ya 40. Wala tusitoe udhuru wa kukosa meza na karatasi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya Kigikuyu, iliyochapishwa mwaka 1980, juu ya karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978.

Zipo kanuni tatu za kumsaidia anayeanza. Kwanza, asimame mahali anapojua kitakachofuata, ili kesho asianze kwa kukodolea macho ukurasa mtupu. Pili, asisahihishe kitu kabla ya kufika mwisho. Tatu, doria ikimnyima siku moja, asijaribu kulipa deni kwa kuandika maneno 100 kesho yake. Aandike 50 yake aendelee.

Hata hivyo, hapana budi kuonya. Hadithi si taarifa ya kituo. Siri ya kazi ibaki kazini, na aliyekimbilia kwetu kutafuta usalama asitambulikane katika maandishi yetu. Mama mwenye ufunguo na awe mzee, na kwao pawe kwingine. Ukweli wa ufunguo hautapungua.

Kiswahili kimekuwa lugha ya makambi yetu tangu enzi za KAR, na mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili. Lakini tumekitumia mno kwa amri na kidogo mno kwa masimulizi. Haba na haba hujaza kibaba. Ndugu askari, lile daftari lililo chini ya godoro lifunguliwe leo, usiku huu huu, na liongezwe mistari mitano.