Kabla ya Kununua Printa ya Mabango, Uliza Kichwa na Wino

Najua nimepotea wiki kadhaa. Sikuwa safarini. Nilikuwa hapa hapa Huruma, nimejifungia kwenye duka la rafiki yangu la kuchapisha mabango, nikipigana na mistari myeupe.

Nianze mwanzo. Rafiki huyu alinunua printa ya mitumba ya upana wa mita 1.6 kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, wakati kila mwaniaji wa udiwani alitaka sura yake kwenye kila mlingoti. Mimi nilimwandikia kiprogramu cha kupokea oda na kutoa risiti. Kwa hiyo mabango yalipoanza kutoka na mistari, alinipigia mimi. "Si wewe ndiwe mtu wa kompyuta?"

Nami kwa kiburi cha digrii yangu nikaamini kosa liko kwenye programu. Nikaiondoa RIP, ile programu inayogeuza picha kuwa amri za matone ya wino, nikaiweka upya. Nikabadilisha draiva. Nikabadilisha waya wa USB. Usiku tatu nzima! Mwishowe akaja fundi kutoka River Road, akachapisha karatasi moja tu ya kupima matundu, akanitazama na kuuliza: "Injinia, stima ilipotea lini hapa?"

Hapo ndipo nilipopata aibu yangu. Printa ikimaliza kazi, kichwa chake hurudi pembeni kukaa juu ya kifuniko kinachozuia wino usikauke. Stima ikikatika katikati ya bango, kichwa hubaki wazi na wino hukaukia ndani ya matundu. Hakuna programu ya kuzibua tundu lililoziba. UPS ndogo ya kumpa mtu dakika chache za kurudisha kichwa mahali pake ingemfaa kuliko kiprogramu changu.

Tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu vichwa na wino, na nina maoni. Lakini kwanza somo fupi.

Vichwa ni vya aina mbili kubwa. Cha kwanza hutumia joto: kijihita kidogo huchemsha wino, povu linatokea, tone linarushwa. HP na Canon ndio mabingwa wa njia hii. Wino wake huwa wa maji, na kichwa hubadilishwa kikichoka. Cha pili ni piezo, njia ya Epson: kijiwe hujikunja kikipigwa na umeme na kulisukuma tone nje bila kuchemsha chochote. Kwa hiyo piezo inaweza kurusha hata wino mkali, lakini kichwa ni ghali, na kikifa unalia.

Hata piezo hazifanani. Epson DX5 ina matundu 1440 na hutoa tone dogo la pikolita 3.5 hivi, kwa hiyo picha hutoka laini. Konica Minolta 512i ya pikolita 30 hutoa tone kubwa zaidi. Ukisogea karibu unaona nukta, lakini bango la barabarani nani atalisogelea? XP600 ni rahisi, ndiyo maana imejaa kwenye mashine za Kichina, lakini asili yake ni printa ndogo ya wino wa maji. Usitarajie idumu kama DX5.

Sasa wino. Wa maji ni wa picha za ndani ya nyumba. Wa sablimesheni hugeuka mvuke kwenye joto la nyuzi 200 hivi na kuingia kwenye poliesta, ndio wa jezi za timu za mtaa, lakini kwenye pamba haushiki. Wa UV hukaushwa papo hapo na taa, unachapisha hata juu ya mbao na kioo. Wa lateksi, ambao HP waliutoa mwaka 2008, ni wa maji na harufu yake ni ndogo, ila hukaushwa kwa hita, kwa hivyo tokeni za stima zitaisha haraka. Halafu kuna ndugu wawili: solventi kali na eko-solventi.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu na rafiki yangu. Ameletewa mashine ya mita 3.2 ya solventi kali kwa bei ya kutupa, na anaitaka kwa ajili ya uchaguzi wa 2027. Hesabu yake si mbaya. Mashine hizo ni za haraka, wino wake ni wa bei ya chini, unang'ata plastiki na kuhimili jua na mvua. Kama angekuwa na godauni Industrial Area lenye milango mikubwa na feni za kutoa hewa, ningemsaidia kuibeba.

Lakini yuko Huruma. Duka lake ni chumba kimoja chini ya ghorofa, na dirisha lake la pekee linatazama ukuta wa jirani. Mvuke wa wino ule, mara nyingi wenye saiklohexanoni, huwasha macho na koo na huumiza kichwa. Hata kwa eko-solventi anayotumia sasa, mama anayeishi juu yake ameshashuka mara mbili na mtoto mgongoni kuuliza tunapaka rangi gani. Ndugu zangu, "eko" maana yake ni mvuke pungufu. Hauna maana ya hewa safi. Na kijana anayeiendesha mashine hiyo huwa humo tangu asubuhi hadi usiku.

Maoni yangu ni haya: usiulize bei ya mashine kwanza. Uliza kichwa ni kipi na kipya chake ni pesa ngapi. Uliza wino gani kichwa hicho kinakubali, kwa maana solventi kali ikiingia kwenye DX5 itakula gundi ya ndani. Halafu uliza hewa itatokea wapi, na nani analala upande huo. Ukikosa jibu la swali la tatu, mashine hiyo si rahisi. Kuna mtu mwingine anayekulipia.

Rafiki yangu ana hadi mwisho wa mwezi kuamua. Nimemwambia solventi kali ikiingia chumba kile, kiprogramu changu kinatoka. Amecheka. Mimi sikucheka.

Haya, tuonane tena, na safari hii sitapotea.