Hofu ya Mchezaji Haitibiwi Mlangoni
KUTOKA JUKWAANI na Kulwa Ng'wandu

Kila msimu Bodi ya Ligi hutangaza adhabu, na ni nadra kukosa klabu iliyotozwa faini kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi au kukataa chumba cha kuvalia. Taarifa hazisemi kwa nini. Sisi tunaokaa majukwaani CCM Kirumba tunajua: kamati ya ufundi imeambiwa kwamba mlango ule umefanyiwa kitu.

Simbezi mchezaji anayeukataa mlango. Anaogopa kweli, na mwili wenye hofu haumtii mwenyewe. Pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, na pasi ya mita kumi aliyoipiga tangu utotoni inamshinda. Viongozi wanalijua hilo, ndiyo maana wanatoa fedha. Ninachopinga ni zinakokwenda: kwa waganga.

Usukumani habari hii ni kongwe kuliko mpira. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wawili, Ngika na Gumha, hushindana kwa umati: anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Hadi leo utavikuta Bujora, Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo. Kila upande una dawa yake ya mvuto, samba. Lakini mtazame mcheza bugobogobo anavyorusha jembe, likazunguka hewani, akalidaka bila kupoteza mdundo. Samba inaweza kumtuliza moyo. Kulidaka jembe amejifunza kwa kulirusha na kuliangusha mara nyingi kabla umati haujafika.

Mpira wetu umechukua dawa, mazoezi yale ukayaacha. Jioni pale Nyamagana, kwenye nyasi bandia, penalti hupigwa mwishoni, vijana wakiwa wanacheka na wengine wanafungua kamba za viatu. Kila mmoja anapiga na kuondoka. Hakuna anayetembea peke yake kutoka katikati ya uwanja, hakuna anayezomewa, wala anayefundishwa afanye nini baada ya filimbi. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alizichunguza penalti za mashindano makubwa akaona kwamba wapigaji wanaompa kipa mgongo na wanaoharakisha kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi. Wanataka yaishe. Kusubiri kidogo, kuvuta pumzi, kisha kupiga, hayo yanafundishika kama kona inavyofundishika.

Mwaka 2024 Yanga ilitoka sare ya 0-0 mara mbili na Mamelodi Sundowns, na Aprili ikatolewa kwa penalti 3-2. Vijiweni tulibishana wiki nzima juu ya bao la Aziz Ki lililokataliwa. Lilistahili ubishi. Lakini sikumsikia aliyeuliza penalti zile ziliandaliwaje.

Ubaya wa hirizi si kwamba haimtulizi mtu. Ikipotea, au akiambiwa ya mpinzani ni kali zaidi, kipa amekwisha kabla ya kuvaa glovu. Na timu ikifungwa, jibu liko tayari: tumechezewa. Beki aliyepoteza nafasi yake hasahihishwi, na Jumamosi inayofuata anafungisha vilevile.

Pamba Jiji, TP Lindanda yetu, ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya miaka 23. Vijana wanaoivaa jezi ile wamebeba matumaini ya baba zao, na mashabiki tunawakumbusha kwa matusi kila wanapokosea. Hospitali ya Bugando, juu ya kilima kile kile tunachokiona kutoka mjini, kuna wataalamu wa afya ya akili. Naomba uongozi umwite mmoja wao akae na kikosi tangu maandalizi ya msimu, posho yake iandikwe wazi kwenye bajeti, na mwanachama yeyote aweze kuuliza habari zake katika mkutano mkuu. Kocha naye aanze na penalti za Nyamagana: awapange wachezaji wa akiba nyuma ya goli, wazomee kweli.