Filimbi ya Getini Siyo Sheria ya Barabarani



Jumanne jioni, Barabara ya Mwai Kibaki, Dar es Salaam. Foleni ndiyo hiyo mnayoijua. Nimepanda bodaboda nawahi kikao cha vijana wa kata. Mbele yetu anatoka mlinzi wa jengo moja la ofisi, kizibao kinachong'aa, kofia, kirungu mkononi. Anapuliza filimbi na kunyoosha mkono katikati ya barabara. Daladala zikasimama, bajaji zikasimama, kila mtu akasimama. Kwa nini? Gari moja jeusi lilikuwa linatoka getini, na bosi hataki kusubiri kama sisi wengine.

Dereva wangu alichelewa kidogo kufunga breki, akasimama hatua mbili mbele ya mkono wa yule jamaa. Kosa! Mlinzi akaja mbio, akachomoa ufunguo wa pikipiki. "Wewe hujui kutii amri?" Na kijana wa watu, leseni anayo, kofia ngumu kavaa, akajibu kwa unyenyekevu: "Nisamehe afande."

Afande! Dakika kama kumi nzima anaomba msamaha, mpaka sisi abiria na wapita njia tulipoanza kupiga kelele ndipo ufunguo ukarudi. Kikao nikakikuta kinaelekea mwisho. Lakini swali nililoondoka nalo pale ni kubwa kuliko kikao: ile ilikuwa amri ya nani?

Tuanze na sheria, maana sisi siyo chama cha kulalamika bila hoja.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, ndiyo inayoongoza mambo ya barabarani Tanzania Bara. Chini yake dereva anawajibika kutii alama za barabarani na maelekezo ya askari polisi anayeongoza magari. Ndiyo maana taa ikiwa nyekundu na trafiki akakuita upite, unapita. Mkono wake una sheria nyuma yake. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, nayo imeliweka jukumu la kusimamia utaratibu barabarani mikononi mwa polisi. Alama zinawekwa na mamlaka za barabara, TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa za mijini na vijijini. Mlinzi wa kampuni binafsi hapewi nguvu hiyo kwa sababu tu kavaa sare na kuajiriwa na mwenye jengo.

Kwa hiyo mlinzi ni nani mbele ya sheria? Ni raia kama wewe na mimi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia yeyote kumkamata mtu anayetenda baadhi ya makosa mbele ya macho yake, lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mlinzi anayo haki hiyo, na mama muuza vitumbua anayo hiyo hiyo. Haimruhusu kutoza faini, kuchukua leseni, kuchomoa ufunguo wala kumpigisha mtu magoti juani.

Hapa kuna mstari ambao watu wengi wanauchanganya, nao ni geti. Ndani ya geti, mwenye eneo anaweza kusema magari yaegeshwe wapi, nani aingie, nani asiingie. Mlinzi anasema kwa niaba yake, na wewe mgeni ukikataa utaratibu utaambiwa utoke. Hiyo ni haki ya mwenye mali, hatuna ugomvi nayo. Lakini ukitoka nje ya geti, ile lami ni ya umma. Mwenye jengo hana hati ya barabara. Na kama yeye mwenyewe hana mamlaka ya kusimamisha daladala, atampaje mlinzi wake kitu ambacho hana? Hata zile koni, mapipa na minyororo wanayopanga kwenye hifadhi ya barabara mbele ya biashara zao, kila mmoja ajiulize nani alitoa kibali.

Sasa tusije tukaeleweka vibaya. Kumsaidia dereva arudi nyuma, kumvusha mtoto wa shule, kuonya magari kwamba mbele kuna ajali, hayo ni mambo ya utu na yeyote anaweza kuyafanya. Taa zikizimika kwenye makutano na kijana mmoja akajitolea kupanga foleni, tunamshukuru. Tofauti ni hii: msaada unaweza kuukubali au kuukataa, amri huwezi. Na amri inayomfunga raia lazima itoke kwenye sheria, siyo kwenye filimbi ya dukani.

Serikali ya chama tawala haiwezi kusema haijui namna ya kutunga sheria ya namna hii. Ilipotaka mgambo wawe na uwezo wa kukamata watu, mwaka 1975 ikatungwa sheria maalumu ya kuwapa uwezo huo. Ilipotaka kuwatambua sungusungu, mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa. Unaweza kukubaliana na sheria zile au kuzipinga, lakini angalau zilipita bungeni na ziko kwenye maandishi. Kampuni binafsi za ulinzi zimekuwepo tangu miaka ya 1980, zimeajiri maelfu kwa maelfu ya vijana, na kwa miaka mingi zimeendeshwa kwa miongozo ya polisi na wizara, bila sheria yake mahususi. Muswada umekuwa wimbo wa kila awamu.

Majirani zetu walifanya nini? Kenya ilitunga sheria ya kusimamia ulinzi binafsi mwaka 2016, na sheria ile inaeleza mpaka suala la mlinzi kumwomba mgeni kitambulisho getini. Afrika Kusini ilitunga yake mwaka 2001. Kule Johannesburg, kampuni moja ya bima ilidhamini kwa miaka vijana wa kuongoza magari kwenye makutano yenye foleni, lakini haikuwatoa tu getini na kuwapa filimbi. Walifanya kazi kwa makubaliano na polisi wa jiji, wakafunzwa, wakapewa mamlaka. Kwa hiyo hoja yetu siyo kwamba ni polisi peke yake anayeweza kuongoza magari milele. Hoja ni kwamba anayeongoza lazima awe amepewa mamlaka na umma, na umma ujue wa kumuuliza akiharibu.

Na hapa ndipo siasa inapoingia, mtake msitake. Mwaka 2019 walipobadilisha Sheria ya Vyama vya Siasa, walipiga marufuku chama kuwa na kikundi cha ulinzi cha aina yoyote. Tukauliza, nani atapanga watu na magari kwenye mikutano yetu? Tukajibiwa, kazi hiyo ni ya polisi. Sawa. Sasa mbona kazi hiyo hiyo, kwenye barabara hiyo hiyo, ikifanywa na mlinzi wa tajiri kwa ajili ya gari la tajiri, polisi wanapita na kupunga mkono? Kijana wa upinzani akivaa sare ni tishio kwa usalama wa taifa. Mlinzi akifunga barabara ya umma kwa ajili ya bosi, huo ni utaratibu. Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Barabarani tunaona kama kuna walio sawa zaidi.

Lakini tuwe wakweli na kwetu pia. Mkutano wetu ukiwa mkubwa, vijana wetu nao wanaingia barabarani kusimamisha magari ya watu. Nimeshafanya hivyo mwenyewe. Hatukuwa na mamlaka yoyote, na kama siku ile mtoto angegongwa sijui ningejibu nini. Tukidai sheria ifuatwe, ianze na sisi. Tuwaandikie polisi mapema walete trafiki, na wasipoleta, tuelekeze wageni wetu ndani ya uwanja, lami tuiache.

Na yule mlinzi? Makamanda, tusimtukane. Ni kijana mwenzetu, wengine ni wanachama wetu. Anafanya zamu ya saa kumi na mbili, usiku na mchana, kwa mshahara ambao ukitoa kodi ya chumba na nauli unabaki na hesabu za madeni. Bosi anamwambia "simamisha magari", akikataa kesho hana kazi. Na siku atakaposimamisha daladala, lori la nyuma lisimame juu ya watu, bosi atasema hakumtuma. Atasimama kizimbani peke yake, bila sheria ya kumlinda. Dereva naye asidhani amepona. Polisi wakipima ajali, kusema tu "mlinzi aliniita nikapita" hakutoshi, kwa sababu jukumu la kuhakikisha njia iko salama linabaki kwa aliyeshika usukani. Wanaoumia ni wawili, wote hohehahe. Mwenye gari jeusi alishafika nyumbani.

Kwa hiyo jumuiya yetu ya vijana inadai mambo manne.

Moja, Bunge litunge sheria kamili ya ulinzi binafsi, itakayosema wazi mlinzi anaweza nini na hawezi nini, na ilinde pia mshahara, mafunzo na bima yake.

Mbili, panapohitajika kweli mtu wa kuongoza magari, kama nje ya shule, hospitali au soko, atoke mtu aliyefunzwa na polisi, mwenye kibali cha mahali na saa maalumu, na kizibao chenye namba inayosomeka.

Tatu, mwenye jengo ambaye shughuli zake zinaleta foleni agharamie utaratibu huo, na awajibike kwa madhara. Asijifiche nyuma ya mlinzi.

Nne, polisi waache kufumba macho. Anayefunga barabara ya umma bila kibali achukuliwe hatua, awe nani.

Na wewe unayesoma, ukikutana na filimbi ya getini kesho asubuhi, usigombane. Punguza mwendo, angalia usalama wako, mpishe anayevuka. Akichukua ufunguo au leseni, muulize kwa heshima jina lake, kampuni yake na nani kamtuma. Andika mahali na saa, piga picha kama ni salama, kisha nenda kituo cha polisi ukafungue jalada. Usitoe hela. Na acha kumwita afande. Mwite kaka au dada, maana ndivyo alivyo, na siku tutakapoidai sheria hii tutamhitaji upande wetu.

Barabara ni ya umma. Mapambano yanaendelea.