NYUMBA YETU: Tuchague Dirisha kwa Akili

Mwezi huu tuzungumze juu ya madirisha. Labda umeuza mahindi au vitunguu, au umeuza ng'ombe mmoja. Umepata fedha kidogo. Unatazama madirisha ya nyumba yako. Mbao zimeoza. Bawaba zimelegea. Usiku upepo unapita na watoto wanakohoa. Unasema, "Mwaka huu nitaweka madirisha mapya."

Hilo ni jambo jema. Lakini usikimbilie dukani. Dirisha ni kitu cha gharama, na likishajengwa ukutani si rahisi kulirudisha. Tena dirisha jipya lililowekwa bila kufikiri laweza kuleta kifo ndani ya nyumba. Soma mpaka mwisho, utaona kwa nini.

ZAMANI NA SASA

Sisi wa Tlawi na Mbulu yote tunaishi nchi ya juu. Mwezi wa Juni mpaka wa Agosti baridi yetu ni kali. Wazee wetu waliijua baridi hiyo. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba ndani ya kilima. Paa lilikuwa bapa, la miti na udongo. Ng'ombe walilala ndani pamoja na watu. Nyumba zile hazikuwa na madirisha kama ya leo. Zilikuwa na joto, na adui aliyekuja kuteka mifugo hakuziona kwa urahisi.

Wazee hawakuwa wajinga. Walijenga kwa haja ya wakati wao. Lakini ndani kulikuwa na giza na moshi mwingi. Moshi huumiza macho. Huumiza kifua cha mama anayepika na cha mtoto aliye mgongoni. Watoto wadogo wanaovuta moshi kila siku hupata kichomi kwa urahisi zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima vijijini nchi nzima, wakasikiliza redio na kujadili magonjwa na usafi. Somo lake bado ni la kweli: afya huanzia nyumbani kwako.

KAZI NNE ZA DIRISHA

Kabla ya kununua, jiulize dirisha lina kazi gani.

Kazi ya kwanza ni kuleta mwanga. Mtoto asome, nawe usome gazeti lako.
Kazi ya pili ni kuleta hewa safi na kutoa hewa chafu.
Kazi ya tatu ni kuzuia mvua, upepo na baridi.
Kazi ya nne ni kuzuia mwizi.

Dirisha zuri hufanya kazi zote nne. Dirisha lisilofunguka huleta mwanga lakini haliingizi hewa. Dirisha lisilofungika vizuri huleta hewa na baridi pamoja.

AINA ZA MADIRISHA

Dirisha la mbao. Hili tunalijua. Fundi wa kijijini hulitengeneza, na likiharibika hulitengeneza tena. Mbao haipitishi baridi kwa urahisi. Adui zake ni maji na mchwa. Chagua mbao iliyokauka vizuri. Mbao mbichi hujipinda, na dirisha halitafunga. Ipake dawa ya mbao, halafu rangi. Rudia rangi kabla haijabanduka yote. Usinunue mbao iliyoibwa kutoka msitu wa hifadhi. Misitu ndiyo inayotunza chemchemi zetu.

Dirisha la chuma. Ni imara, na fundi wa kuchomelea huweza kulirekebisha. Adui yake ni kutu. Lipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kawaida. Chuma hupitisha baridi upesi. Asubuhi ya mwezi wa Julai, gusa fremu ya chuma kwa mkono wako. Utaelewa.

Dirisha la aluminiamu. Haliliwi na mchwa wala halipati kutu kama chuma. Mengi yake husukumwa kando badala ya kufunguliwa kwa nje. Hapo nusu moja tu ya dirisha ndiyo hupitisha hewa. Kumbuka hilo unapopanga ukubwa. Nayo aluminiamu hupitisha baridi upesi.

Dirisha la plastiki. Hili ni geni kwa wengi wetu. Fremu yake ni ya plastiki ngumu, yenye uwazi ndani. Katika nchi za Ulaya zenye theluji nyumba nyingi zina madirisha ya namna hii. Plastiki hii haiozi, haipati kutu, na mchwa haili. Haihitaji rangi. Huzuia baridi vizuri kuliko chuma na aluminiamu. Pembeni ina mpira, na ukifunga upepo haupiti.

Lakini plastiki nayo ina kasoro. Bei yake mara nyingi ni kubwa. Plastiki duni hubadilika rangi kwa jua, halafu hupasuka. Komeo au bawaba ikivunjika, fundi wa kijijini huenda asiwe na kipuri. Na plastiki hii ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Vipande vinavyobaki usivichome jikoni wala jalalani.

Basi lipi ni bora? Hakuna jibu moja. Kama una miti yako shambani na fundi seremala hodari, mbao inaweza kukufaa sana. Kama mchwa ni wengi na fedha unazo, plastiki inaweza kukufaa. Jiulize maswali mawili. Likivunjika, nani atalitengeneza? Na fedha zitakazobaki zinatosha kazi nyingine za nyumba?

UKIENDA DUKANI KUTAZAMA PLASTIKI

Usinunue kwa kutazama rangi nyeupe tu. Fanya hivi:

1. Fungua na ufunge dirisha mara kumi. Lisikwame.
2. Tazama pembe nne za fremu. Zisiwe na ufa.
3. Uliza kama ndani ya fremu kuna chuma cha kuimarisha.
4. Tazama chini ya fremu. Pawe na matundu madogo ya kutolea maji ya mvua.
5. Uliza vipuri vya komeo na bawaba vinapatikana wapi.
6. Dai risiti, uisome, na uitunze.

Wakati wa kusafirisha, dirisha lenye kioo lisimame wima, lifungwe kwa kamba na kuwekewa matandiko. Usililaze chini. Kioo kilicholazwa hupasuka kwa urahisi gari linaporuka kwenye mashimo.

HATARI YA MKAA

Sasa, ndugu msomaji, tufike kwenye jambo kubwa.

Dirisha la zamani lenye nyufa lilikuwa baya kwa baridi. Lakini nyufa zile zilipitisha hewa. Dirisha jipya linalobana vizuri halipitishi. Watu wengi wakati wa baridi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Wapo ambao hawakuamka tena.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi. Haina harufu. Huwezi kuiona wala kuinusa. Hata mkaa uliofunikwa majivu bado huitoa. Kuni zinazofuka huitoa pia. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyelala hasikii dalili hizo. Anakufa usingizini.

Kwa hiyo shika amri hizi:

Kwanza, jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Hata usiku mmoja. Hata kama kuna mgonjwa, mama aliyejifungua au mtoto mchanga.

Pili, kila chumba kiwe na matundu ya hewa juu ya dirisha, karibu na dari. Yazibwe kwa wavu tu, wadudu wasiingie. Usiyazibe kwa matambara wakati wa baridi. Lakini usiseme, "Nina matundu, sasa naweza kulala na jiko." Matundu ni ya hewa ya kawaida. Hayatoshi kuondoa sumu ya mkaa.

Tatu, ukimkuta mtu amezidiwa ndani, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi kwenye hewa safi, halafu umfikishe zahanati au hospitali mara moja.

Joto tulipate kwa njia nyingine. Ongeza blanketi. Weka dari. Tengeneza kibao cha mbao cha kufunga usiku upande wa ndani wa kioo. Mgonjwa mwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, isimuunguze.

Na jikoni? Jikoni dirisha peke yake halitoshi. Moshi hupanda juu. Weka tundu kubwa juu ya ukuta, au dohani ya kutoa moshi nje. Baba, kabla hujaamua juu ya dirisha la jikoni, muulize mama. Yeye ndiye anayekaa humo.

UKUBWA NA MAHALI

Ipo kanuni rahisi inayotumika sana. Eneo la madirisha ya chumba lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Mfano: chumba kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 3. Eneo lake ni mita 9 za mraba. Sehemu moja ya kumi ni mita 0.9 za mraba. Dirisha la sentimeta 90 kwa sentimeta 100 linatosha.

Kama unajenga upya, tazama miti ya shambani. Imeinamia upande gani? Huko ndiko upepo unakokwenda. Upande unakotoka upepo weka dirisha dogo. Dirisha kubwa liwe upande mwingine. Chumba chenye madirisha mawili yanayokabiliana hupata hewa nzuri zaidi.

NAMNA YA KUPIMA

Watu wengi hupoteza fedha hapa. Huagiza dirisha, likija haliingii. Chukua futi kamba, daftari na kalamu.

Pima upana wa tundu mara tatu: juu, katikati na chini. Tuseme umepata sentimeta 90, 89 na 91. Chukua namba ndogo kuliko zote. Ni 89. Toa 1. Inabaki 88. Huo ndio upana wa kuagiza.

Pima urefu mara tatu: kushoto, katikati na kulia. Tuseme umepata 120, 119 na 120. Chukua 119. Toa 1. Inabaki 118.

Ile sentimeta moja ni nafasi ya kusawazisha fremu, nusu kila upande. Plastiki hutanuka kidogo kwa joto, nayo yahitaji nafasi. Nafasi hiyo huzibwa baadaye, maji yasipite.

Kisha pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa kukingamana. Vipimo viwili vikilingana, tundu limenyooka. Vikitofautiana sana, tundu limepinda. Fundi anyooshe ukuta kwanza.

TUSIBOMOE UKUTA OVYO

Ukiondoa dirisha la zamani, usipanue tundu bila ushauri wa fundi. Ukuta wa juu unashikiliwa na linta. Ukikata ukuta zaidi ya linta, matofali yanaweza kukuangukia. Ukuta wa udongo ni hatari zaidi. Dirisha likae mbali na kona ya nyumba, maana kona ndiyo nguvu ya ukuta. Kizingiti cha chini kiinamie nje kidogo ili maji ya mvua yateremke.

Kazi hii ifanywe kiangazi, baada ya mavuno. Badilisha dirisha moja moja. Using'oe yote siku moja, watoto wakalala nje.

ANDIKIANENI

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Usipatane na fundi kwa mdomo tu. Andikeni karatasi mbili, moja yako na moja yake, namna hii:

"Mimi fundi ............ nitatengeneza madirisha ..... ya (mbao, chuma, aluminiamu, plastiki). Upana sentimeta ..... Urefu sentimeta ..... Bei ya yote ni shilingi ............ Nimepokea leo shilingi ............ Zilizobaki nitapewa kazi ikiisha. Nitamaliza tarehe ............ Sahihi ya fundi ............ Sahihi ya mwenye nyumba ............ Shahidi ............"

Usilipe fedha zote mwanzoni. Usilipe za mwisho kabla hujafungua na kufunga kila dirisha wewe mwenyewe. Halafu mwaga ndoo ya maji kwa nje, uone kama yanaingia ndani. Fundi mwema hatachukia. Atafurahi kazi yake ipimwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Dirisha lina kazi gani nne?
2. Umepima tundu ukapata upana wa sentimeta 75, 76 na 74. Utaagiza dirisha la upana gani?
3. Kwa nini dirisha linalobana vizuri laweza kuwa hatari kwa anayelala na jiko la mkaa?
4. Katika kitongoji chenu, nyumba ngapi hazina matundu ya hewa? Mtafanya nini kabla ya baridi ya Juni?