Babu Mwenye Ngamia

Ndugu zangu, dhahabu ilipoonekana Coolgardie, magharibi mwa Australia, mwaka 1892, maelfu ya watu waliingia jangwa lisilo maji. Miongoni mwa waliowachukulia maji na vyakula walikuwa Waislamu wenye ngamia, kutoka Afghanistan, Baluchistan na Punjab. Wote waliitwa “Waafghani” tu.

Leo vitukuu wao waitafuta njia waliyopita, na kikwazo cha kwanza ni jina. Karani aliandika alivyosikia: Muhammad akawa Mahomet, mahali pengine Mahomed. (Sisi tuitwao kwa jina la baba na babu twaijua adha hiyo.) Ajabu ni kuwa sheria ya mwaka 1901, iliyokusudiwa kuwafungia mlango wasio wazungu, ndiyo iliyoacha athari zao. Aliyetaka kwenda kwao na kurejea alipigwa picha, akachukuliwa alama ya kiganja, na hati nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa.

Lakini hati haielezi maisha ya nyumbani. Baadhi yao walioa wanawake wa asili ya nchi ile, na wengine wazungu. Basi mtafutaji na aanze kwa mama mkongwe wa ukoo, amwulize babu akiitwaje nyumbani. Jina hilo ndilo la kusaka katika daftari, kwa maendelezo yote yawezekanayo.