LIGI YA MAZIMWI: TURUHUSIWE MCHANA



Muhula uliopita hadithi za kutisha zilipigwa marufuku mabwenini. Wengi walinung'unika. Mimi nilinyamaza, kwa maana chanzo cha marufuku hiyo ni mimi. Taa zilikuwa zimezimwa, fisi wanalia kama kawaida ya hapa Tuala, nami nikasimulia lile zimwi la Wamaasai lililoandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka wa 1905: nusu ya mwili wake ni jiwe, nalo huwaita wapita njia walisaidie kuinua mzigo wa kuni. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniomba niache. Tukamcheka, nikaongeza sauti. Siku tatu hakuthubutu kwenda msalani usiku, na yaliyofuata mnayajua.

Hata hivyo, kwangu dawa si marufuku. Dawa ni ligi. Jamani, msicheke kwanza! Uko mchezo wa mezani ambapo mmoja huwa msimulizi na wenzake wanne watano hujifanya wahusika. Msimulizi akisema kuna sauti inaita msituni, wewe ndiwe unayeamua: utaenda au utatoroka? Ukitoroka, dadu hurushwa ijulikane kama miguu imekubali. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka wa 1974. Ule wa kutisha hasa, Call of Cthulhu wake Sandy Petersen, ulitoka mwaka wa 1981, na humo mhusika hupoteza hata akili timamu. Katika ligi, meza nyingi hupewa hadithi moja na sheria moja, na kila mchezaji huja na karatasi ya mhusika wake. Mwaka wa 2016 Adventurers League ilicheza msimu mzima juu ya Strahd, bwana mnyonya damu.

Lakini kilichonigusa ni kadi. Wachezaji wengi huweka mezani kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na Mmarekani John Stavropoulos. Yeyote akiigusa, jambo lile huachwa, wala haulizwi kwa nini. Yule kijana alikuwa na mdomo tu, na mdomo wa fomu wani bwenini tunajua uzito wake.

Naomba Chama chetu kianzishe ligi baina ya mabweni, Jumamosi alasiri, darasani, madirisha wazi. Tuanze na hadithi hiyo ya kuni. Alama apewe aliyeigiza vyema kwa Kiswahili safi, si aliyenusurika, maana tukiwatuza wanaotoroka mchezo utaisha kabla ya chai.

Yule kijana nilikwisha kumwomba radhi. Nilipomweleza mpango huu aliuliza jambo moja tu: kadi itashikwa na nani? Nikamwambia haishikwi na mtu, inakaa mezani. Akasema basi atakuja, lakini msimulizi awe yeye.

Mwanachama, Kidato cha Tatu